SUA, Mlimani au UDOM: Ukitokea Nyanda za Juu Kusini, Mazingira Ukasomee Wapi?

Julai ni mwezi wa kujaza viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche. Kwenye kitalu changu hapa Mafinga tunakaa chini, lundo la udongo wa msituni katikati, kila mtu anajaza na kupanga, na ndio mwezi huohuo matokeo ya kidato cha sita yanatoka. Kwa hiyo kila mwaka napata wasaidizi wa bure. Vijana wanakuja na simu mkononi, wanajaza viriba ishirini, thelathini, kisha swali linatoka: "Kaka, nataka kusoma mazingira. Nijaze SUA, Mlimani au UDOM?" Yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Chuo Kikuu cha Dodoma.

Mwaka jana alikuja mtoto wa shangazi kutoka Njombe, ameongozana na mama yake. Binti ana CBG (kemia, biolojia, jiografia) na amefaulu vizuri. Shangazi aliitikia shikamoo yangu, akaongeza "kamwene" yake, salamu ya kwetu, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Habari za chuo hakuziuliza kabisa. Alisema: "Daktari anaitwa daktari. Mwalimu anaitwa mwalimu. Huyu akimaliza hayo mazingira ataitwa nani?" Nitalirudia swali hilo huko mbele, maana katika yote niliyoulizwa kitaluni ndilo lililonifanya niweke kiriba chini.

Niseme mapema kwamba nimesoma kimojawapo cha vyuo hivi vitatu. Kipi, sisemi. Ukijikuta unabashiri, nitakuwa nimefanya kazi yangu vibaya.

JINA LA SHAHADA

Wenzetu wengine wana shahada inayoitwa moja kwa moja sayansi ya uendelevu, yaani kutumia mali ya asili bila kuimaliza. Arizona State, chuo kikuu kikubwa cha umma huko Marekani, kilifungua shule nzima ya fani hiyo mwaka 2006. Hapa kwetu, katika vyuo hivi vitatu, elimu hiyo ngazi ya shahada ya kwanza imegawanywa vipande na kila kipande kina jina lake. SUA wana Sayansi na Usimamizi wa Mazingira, na pembeni yake Misitu na Usimamizi wa Wanyamapori. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kila mtu anakiita Mlimani, kina Jiografia na Mazingira, na upande wa sayansi kuna botania, zuolojia, wanyamapori, na viumbe wa majini na uvuvi. UDOM wana Jiografia na Mazingira pia, na shahada ya uchumi na sera ya mazingira. Neno "endelevu" lenyewe utalikuta ukishapanda juu: Mlimani wana shahada ya uzamili ya mabadiliko ya tabianchi na maendeleo endelevu.

Kwa hiyo anayesema "nataka mazingira, chuo chochote" hajajua anachokiomba. Ukichagua chuo umechagua na kipande.

NINAVYOPIMA

Natumia vigezo vinne: unachofundishwa, uwanja unaojifunzia nje ya darasa, pesa (nauli, kulala na kula), na mlango wa kazi. Ukubwa wa jina la chuo nimeuacha makusudi. Jina linamsaidia mzazi msibani anapoulizwa mtoto yuko wapi, lakini wewe halikusaidii kuamka saa kumi na moja kwenda maabara.

Kwenye kigezo cha kwanza natumia swali moja la kwetu. Mama mmoja ana kinyungu, bustani ya bondeni yenye unyevu, hatua thelathini kutoka kijitoni. Kiangazi chote hapo ndipo yanapotoka mahindi mabichi, maharage, mboga na ada za watoto. Upande wa juu jirani amepanda milingoti (mikaratusi) ekari tatu. Kijito kilikuwa hakikauki, siku hizi ikifika Oktoba kinabaki matope. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji ziachwe, na serikali ya kijiji imemwambia mama aondoke. Nani amekausha maji, na nani aondoke?

Vyuo vyote vitatu vitakufundisha kulijibu swali hilo. Kila kimoja kitaanzia mahali pake.

UNACHOFUNDISHWA

SUA wataanza na kipimo. Milingoti ina umri gani, unene gani, mizizi imefika wapi, udongo wa pale unashika maji kiasi gani, kijito kinapitisha lita ngapi kwa sekunde Juni na ngapi Oktoba. Ukisoma pale utachimba shimo la udongo, uingie ndani yake, na uandike rangi ya kila tabaka huku jasho linadondokea daftari. Utapima mti kwa utepe kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Ukiwa mteremkoni utasimama upande wa juu wa mti, kwa sababu ukisimama upande wa chini utapima sehemu nyingine kabisa na hesabu yote ya ujazo wa mbao itakuwa imepotoka. Nimewaona watu wazima wakikosea hapo, wakauza shamba la paini kwa bei ya kutupa. Masomo yanaegemea kemia na biolojia, na kama kemia uliifaulu kwa kukariri, mwaka wa kwanza utakukumbusha.

Mlimani, kwenye Jiografia na Mazingira, wataanza na ramani. Bonde lote likoje, miaka ishirini iliyopita picha ya satelaiti ilionyesha msitu wapi na leo inaonyesha nini, watu wameongezeka kiasi gani, mvua imebadilika au ni macho yetu tu. Kisha unakwenda na dodoso nyumba kwa nyumba. Mwisho wake unaweza kugundua kwamba kinyungu cha mama na milingoti ya jirani vyote ni vidogo mbele ya kitu kilichotokea juu kabisa ya bonde. Ni fani pana, na upana huo una pande mbili: unaona mengi, lakini usipojichagulia chombo kimoja cha kukishika vizuri, kama uchoraji wa ramani kwa kompyuta au takwimu, utahitimu ukiwa unajua kidogokidogo cha kila kitu. Anayekwenda upande wa sayansi, botania au zuolojia, yeye amechagua maabara, na hiyo ni habari nyingine.

UDOM wanaingilia mlango ambao vijana wengi wa sayansi huudharau, kisha wakiingia kazini wanautafuta. Kwenye uchumi na sera ya mazingira utaulizwa: kinyungu kinampa mama shilingi ngapi kwa kiangazi? Milingoti inampa jirani ngapi, na baada ya miaka mingapi? Akiondolewa mama, nani anamfidia? Kwa nini sheria imemkuta yeye kwanza na jirani hajaguswa? Hapo lita za kijito unazipokea kwa aliyepima, kazi yako ni kujua nani anabeba gharama. Jiografia na Mazingira ya UDOM iko jirani na ile ya Mlimani kwa jina na kwa maudhui, kwa hiyo anayepima shahada hiyo kwa vyuo hivyo viwili aangalie zaidi vigezo vingine vitatu.

Jambo moja linalowagusa wote: ufundishaji ni kwa Kiingereza. Utatumia nusu ya muhula wa kwanza kutafuta namna ya kumwelezea mhadhiri kinyungu ni nini, na kitabuni hakimo.

UWANJA WA KUJIFUNZIA

Hapa ndipo mahali penyewe panapofundisha, na vyuo hivi vimekaa kwenye nchi tatu tofauti kabisa.

SUA imeegemea milima ya Uluguru. Mto Ruvu unaochota maji huko ndio unaonywesha Dar es Salaam, kwa hiyo swali la juu na chini ya bonde unaliona kwa macho ukiwa dirishani bwenini. Chuo kilianza kujitegemea Julai 1984, kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine aliyefariki Aprili mwaka huohuo kwa ajali karibu na Morogoro. Kabla ya hapo kilikuwa kitivo cha kilimo cha Mlimani, kwa hiyo hawa wanaotaniana ni ndugu wa tumbo moja. Watafiti wa SUA wamefanya kazi kwetu muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa kwenye bonde la Usangu, mkoani Mbeya, katika mradi wa utafiti wa RIPARWIN, wakichunguza namna mpunga wa Mbarali na maji ya Ruaha Mkuu yanavyoweza kuishi pamoja, mto ambao tangu 1993 hukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Na wale panya buku wanaonusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu hufunzwa hapohapo chuoni. Hawana uhusiano na swali letu, ila mgeni yeyote ataulizia.

Dodoma inafundisha ukame. Ukitoka Makete au Mufindi, ulikozoea ukungu hadi saa nne asubuhi, utafika Dodoma na kuona ardhi imebaki mifupa. Lakini ndiko historia ya hifadhi ya udongo nchini ilikoandikwa kwa herufi kubwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na 1979 mifugo iliondolewa kwenye vilima vya Kondoa vilivyokuwa vimechanwa na makorongo. Uoto ulirudi. Wafugaji waliohamishwa nao wana upande wao wa hadithi, na mwanafunzi wa sera asiyekwenda Kondoa kuusikiliza amejinyima. Zaidi ya hapo, UDOM ina kitu ambacho vile viwili vingine havina: serikali iko mlangoni. Wizara zimehamia, Ofisi ya Makamu wa Rais inayosimamia mazingira nayo iko huko, na mijadala ya bajeti iko bungeni hapohapo mjini.

Na njia yenyewe ya kwenda UDOM ni darasa. Basi la Iringa kwenda Dodoma linapita juu ya ukuta wa bwawa la Mtera. Wachuuzi wanasogeza samaki madirishani, abiria wanabishana bei, na chini yao yamelala maji ya Ruaha Mkuu kutoka Usangu, pamoja na ya Ruaha Mdogo uliopita Iringa mjini. Wakati wa kiangazi tazama ukingoni mwa bwawa uone maji yalikoishia mwaka huo. Yakitoka hapo yanazungusha mitambo ya Mtera, yanashuka Kidatu, yanaingia Rufiji, yanafika bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Mama wa kinyungu yuko mwanzoni kabisa mwa waya huo wa umeme.

Mlimani wao wana mji na bahari. Mafuriko ya Jangwani, taka za Pugu, mikoko ya Rufiji, matumbawe, na taasisi ya sayansi za bahari kule Zanzibar. Kijana wa Tukuyu hajawahi kuona maji ya chumvi, na hilo si kosa lake, lakini sehemu kubwa ya mjadala wa tabianchi nchini iko pwani. Mlimani pia wana Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali, IRA, yenye watafiti wa muda mrefu wa ardhi, maji na tabianchi.

Ila mfano ninaoupenda wa Mlimani unatoka kwetu. Chura wa Kihansi, asiyefika hata sentimita tatu, aligunduliwa 1996 kwenye korongo la maporomoko ya Kihansi, mpakani mwa Iringa na Morogoro, wakati bwawa la umeme linajengwa. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yaliyokuwa yanamlea yakapungua. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walisafirishwa kwenda Marekani kutunzwa. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kutoweka porini. Mwaka 2010 baadhi walirudishwa nchini na kuwekwa kwenye chumba maalumu pale Mlimani, na kuanzia 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni. Umeme wa megawati 180 upande mmoja, chura wa kijiko cha chai upande wa pili. Ukitaka kujua kama fani hii ni yako, jiulize kama habari hiyo imekuchosha au imekukalisha.

PESA, NAULI NA KULALA

Bumu, pesa ya kujikimu ya mkopo wa mwanafunzi, ni lilelile popote. Mwaka wa masomo 2022/23 kiwango cha juu cha chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo kilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Elfu kumi hiyo haibadiliki ukivuka mpaka wa mkoa, kinachobadilika ni inachonunua.

Dar inaimaliza haraka. Mlimani ina mabweni ya Magufuli yaliyofunguliwa 2017 yenye nafasi 3,840, na mengine ya zamani, lakini wanafunzi ni wengi. Ukikosa chumba unatafuta geto Changanyikeni, Msewe, Sinza au Makongo, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo kabla bumu halijaingia. Nauli ya daladala, maji ya kunywa, feni, vyote ni pesa ambayo mtu wa Njombe hajawahi kuipangia bajeti. Kwa upande mwingine Dar ina vibarua. Nimewajua waliomaliza chuo kwa kupiga chapa, kuuza nguo mtandaoni na kufundisha watoto tuisheni jioni. Usiku utawakuta kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje, wanasoma chini ya taa, kwa sababu chumbani ni wanne na feni imekufa.

UDOM ilipoanzishwa 2007 ilijengewa mabweni mengi mno, na kwa asiye na ndugu mjini hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Shida yake ni umbali. Chuo kimetandazwa juu ya vilima, koleji moja na nyingine zinaachana kwa mwendo, na upepo wa Dodoma unapuliza vumbi hadi ndani ya daftari. Weka fungu la bodaboda kwenye bajeti.

Morogoro iko katikati. Chumba cha kupanga si cha bei ya Dar, soko lina mboga na matunda ya Uluguru, na mji unatembeleka kwa miguu na baiskeli.

Nauli: kutoka Iringa, Dodoma ni kama kilomita 260 na Morogoro kama 300. Wa Mbeya anayekwenda Dar ana kama kilomita 820 mbele yake, mlima Kitonga na mbuga ya Mikumi vikiwa njiani, hadi stendi ya Mbezi Luis. Anayekwenda SUA anashukia Msamvu, stendi ya Morogoro, akimwacha mwenzake wa Mlimani na saa kadhaa zaidi. Treni ya TAZARA kutoka Mbeya au Makambako inamfaa wa Dar tu, maana Morogoro mjini haipiti. Treni ya umeme iliyoanza 2024 inaunganisha Dar, Morogoro na Dodoma kwa wepesi, lakini sisi wa kusini bado tunaanza na basi.

ATAITWA NANI?

Shangazi alikuwa anauliza habari ya ajira, kwa lugha yake. Na kwenye ajira za serikali jina la shahada lina uzito kuliko jina la chuo. Fungua tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira usome mstari wa sifa. Likitaka shahada ya misitu, aliyesoma usimamizi wa mazingira anaweza kuachwa nje hata kama amepima miti mingi kuliko wote. Kabla hujajaza fomu, kusanya matangazo ya zamani kama kumi ya kazi unayoitamani, andika majina ya shahada yaliyotajwa, ulinganishe na orodha ya chuo. Kazi hiyo ni ya jioni moja.

Aliyesoma SUA ana majina yaliyonyooka. Mhitimu wa misitu anaitwa afisa misitu, na kwetu huko ndiko kwenye Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali, lililo chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu. Mhitimu wa mazingira anakuwa afisa mazingira wa halmashauri, wa kiwanda cha chai, wa kampuni ya parachichi inayotaka cheti cha kuuza nje, au anaingia kwenye timu za tathmini ya athari kwa mazingira ambazo NEMC, baraza la taifa la mazingira, huzisimamia. Halafu kuna kaboni. Kituo cha taifa cha ufuatiliaji wa kaboni kiko SUA, na kadiri vijiji vinavyoitwa kwenye mikataba ya kuuza hewa ya ukaa, anahitajika mtu anayejua kupima na kumwambia mwenyekiti wa kijiji ukweli wa kinachosainiwa.

Aliyesoma Jiografia na Mazingira, awe wa Mlimani au UDOM, hana jina moja, na shangazi hatapenda jibu hilo. Anaweza kuwa mchoraji ramani, mtafiti, afisa mradi kwenye shirika, mtu wa takwimu, na akiongeza stashahada ya uzamili ya ualimu anaingia darasani. Jina lake linatokana na chombo alichokishika, nami nilishasema achague mapema. Mwenye uchumi na sera ya mazingira anafaa kwenye mipango, miradi na wizara. Nafasi zake ni chache kwa jina, lakini nao wanaoziomba wakiwa na shahada hiyohiyo ni wachache. Faida ya ziada ya Mlimani ni mtandao: wahitimu wake wako kila ofisi, na anayetaka kuendelea na uzamili anawakuta walimu wake palepale.

Kuhusu fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, nina donda. Nilipokuwa mwaka wa pili nilipelekwa ofisi moja mjini, nikatumia wiki tano kufuata chai na kutoa fotokopi, na ripoti yangu niliiandika kwa kubuni nilichodhani wanafanya. Usirudie. Kwetu kuna sehemu za kweli za fildi na utalala nyumbani: Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iko Iringa, ya Ziwa Nyasa iko Tukuyu, ya Ziwa Rukwa iko Mbeya. Kuna Sao Hill, na kuna Kitulo, hifadhi ya taifa ya maua tangu 2005. Peleka barua yako mkononi mwezi wa kwanza, usingoje chuo kikupangie.

NA VYUO VYA NYUMBANI JE?

Wengi huuliza habari za Mkwawa pale Iringa na MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia pale Mbeya. Mkwawa ni chuo kikuu kishiriki cha Mlimani tangu 2005, kazi yake kuu ni ualimu, na cheti kinatolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anayetaka kufundisha jiografia au biolojia, na kulima miti yake wikiendi, hana sababu ya kupanda basi la mbali. MUST ni chuo cha teknolojia na uhandisi: kizuri kwa anayetaka kujenga mitambo ya maji au umeme, ila si njia niliyoiita mazingira hapa. Na anayeota uhandisi wa mazingira wenyewe, mabomba ya majitaka na madampo, aangalie Chuo Kikuu Ardhi, jirani na Mlimani.

UKIWA KATIKA HALI HII, FANYA HIVI

Una CBG au PCB (fizikia, kemia, biolojia), kemia haikutishi, na unapenda kurudi nyumbani viatu vikiwa na tope: weka SUA ya kwanza. Kisha jiulize swali la pili, misitu au mazingira? Kama familia ina shamba la paini na moyo wako uko huko, misitu. Kama unataka kugusa maji, taka, viwanda na sheria, mazingira.

Una HGE (historia, jiografia, uchumi), HGL (historia, jiografia, Kiingereza) au EGM (uchumi, jiografia, hesabu): usilazimishe SUA kwa sababu ya jina la Sokoine. Kati ya Mlimani na UDOM, angalia mfuko wa nyumbani kwanza. Mkopo ukija nusu na huna ndugu Dar, bweni la UDOM litakuokoa na mwaka mzima wa madeni. Ukiwa na mahali pa kufikia Dar, ndugu wa kweli na si yule wa "karibu sana" kwenye simu, Mlimani itakupa upana na vibarua.

Unataka kuwa mtafiti, kusoma hadi uzamili na zaidi, au una shauku na bahari na viumbe: Mlimani, upande wa sayansi.

Unataka kukaa meza moja na wanaotunga kanuni ya mita 60 na kuwauliza walipimaje: UDOM, uchumi na sera. Jifunze hesabu vizuri kabla hujaenda.

Una mzazi mgonjwa au wadogo wanaokutegemea: hesabu saa za basi kabla ya kitu kingine. Wa Iringa, Dodoma na Morogoro zote utaondoka asubuhi ukafika jua bado liko juu. Wa Mbeya na Songwe, kila chuo kati ya hivi vitatu ni mbali, na Mkwawa au MUST si aibu.

Hujui kabisa, ila unajua tu hutaki udaktari: njoo kitaluni wiki mbili. Sitanii. Kabla ya wiki kwisha utajua kama udongo unakupenda.

Mtoto wa shangazi alijaza SUA mazingira ya kwanza, Mlimani botania ya pili, UDOM ya tatu. Alipata viwili. Huo ndio wakati vijana wengi wanaharibu: ukichaguliwa chuo zaidi ya kimoja, unapaswa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu, kabla ya tarehe ya mwisho iliyotangazwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Simu ikiwa imezimwa kambini JKT, au laini ni ya mjomba aliyesafiri, nafasi inakwenda. Tumia laini yako mwenyewe unapojaza fomu, na kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka wako usome wewe, maana sifa za kujiunga hubadilika na mimi hapa ni muuza miche.